Bwana Afya Alivua Shati

Mama yangu hakuamini kuna ugonjwa unaotibika bila sindano. Ukienda hospitali ukarudi na vidonge peke yake, kwake ulikuwa hujatibiwa, umedharauliwa. Wala hakuwa peke yake. Mtaa wetu wote pale Mwananyamala ulikuwa na akili hiyohiyo: mgonjwa akirudi, swali la kwanza lilikuwa, "Wamekuchoma?" Akisema hapana, watu walimtazama kwa huruma.

Kwa hiyo ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara na kila mwenye chumba cha uani akakigeuza saluni au duka la mitumba, bwana mmoja alipofungua chumba cha tiba ya sindano za Kichina hakupata tabu ya kutafuta wateja. Zamani alikuwa mpishi kwenye kambi ya Wachina waliojenga reli, na huko, kwa maelezo yake mwenyewe, ndiko alikosomea udaktari. Ulikuwa udaktari wa kuchungulia dirishani. Alivaa koti jeupe na kupanga kalamu mfukoni ingawa sikuwahi kumwona akiandika neno. Ukutani alitundika picha ya mtu mwenye vitone mwili mzima, yenye maandishi ya Kichina ambayo mtaani hakuna aliyeweza kuyasoma, yeye akiwa wa kwanza.

Sina ugomvi na sindano zenyewe. Wapo waliozisomea miaka mingi, na siku hizi sheria inazitambua, zina usajili wake na baraza lake. Mie namsema mpishi, na wale waliomwachia.

Mama alikuwa na presha. Vidonge vya hospitali alivimeza kila asubuhi huku amenuna. Shoga yake wa nyumba ya pili akampeleka kwa mpishi akatibiwe ganzi ya miguu, akarudi uso umemchangamka, anatembea kwa maringo. Baada ya siku chache nikakuta vidonge vyake havijaguswa.

"Mama, mbona hunywi dawa?"

"Ya nini tena? Mie nishachomwa. Dawa ishaingia mwilini."

"Zile sindano hazina dawa, mama. Ni chuma kitupu."

"Chuma kitupu ndiyo kinilaze usingizi vile? Hebu nitokee hapa."

Nikamfuata mpishi. Sikumtukana, ingawa ulimi uliniwasha. Nilimwomba kitu kimoja tu: amwambie mama, kwa kinywa chake, kwamba sindano zake hazibebi dawa ya presha na vidonge viendelee. Kwake yeye mama angesikia.

"Sista," akaniambia, anachokonoa meno, "mie siingiliagi imani ya mgonjwa."

Basi nikaenda kwa serikali. Ofisi inayosimamia hospitali binafsi waliniambia ile si hospitali, haina kitanda cha kulaza mtu, haiwahusu. Nikaenda kwa wanaoshughulika na waganga wa jadi. Mzee mmoja mwenye miwani alinisikiliza vizuri, nikapata tumaini, kisha akaniambia wao wanaandikisha watu wa mizizi na majani. Sindano za Wachina si jadi yetu. Kwenye ofisi ya leseni za biashara walinishangaa. "Mtu ana leseni, kapaka chokaa, nyie wanawake wa uswahilini mna wivu gani?" Mtu anachoma watu sindano mchana kweupe na serikali nzima haijui ni daktari, ni mganga au ni muuza duka. Kinyozi alikuwa na mkaguzi wake. Muuza maandazi alikuwa na mkaguzi wake.

Mwishowe nikambana bwana afya, yule aliyepita mitaani kukagua vyoo na madimbwi. Akaja. Mama naye alikuwa pale siku hiyo, amekaa kwenye benchi na wenzake, nami nikasimama mlangoni nishuhudie. Bwana afya alikagua choo. Akafunua mtungi wa maji, akanusa. Akapitisha kidole dirishani kutafuta vumbi, hakulipata, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sindano hakuzitazama kabisa. Kisha akashika kiuno, akauliza kwa sauti ya chini kama tiba hiyo inafaa na mgongo.

Akavua shati. Akalala kifudifudi, na tumbo lake lile la serikali likatandazika kwenye mkeka, na mpishi akamchoma mbele ya benchi zima.

"Umeona sasa?" mama akaniambia tulipokuwa tunarudi nyumbani. "Hata bwana afya kachomwa. Wewe mwalimu wa darasa la tatu ndiye unayejua zaidi?"

Ofisi zote zile zilishindwa kumtambua yule mtu, na mgongo mmoja uchi ulimtambua kwa dakika chache. Kuanzia siku ile hakuna kidonge kilichopita kinywani mwa mama.

Alianguka jikoni, anachuja tui. Hospitali walimwokoa, lakini upande wa kushoto ukawa umekufa na mdomo umepinda. Daktari akamwambia wazi, mbele yangu, kwamba bila vidonge safari ijayo hatarudi.

Tulipomleta nyumbani watu wakaja kumjulia hali, na mpishi akaja na koti lake. Nilitaka kumtoa kwa ufagio. Lakini mgonjwa hafukuziwi wageni, na mama alishamwona, macho yakamjaa machozi ya furaha. Akataka kumpa mkono. Wa kushoto haukuinuka, akampa wa kulia, ule mzima.

Mpishi akaushika, akauchoma sindano katikati ya dole gumba na kidole cha shahada.

"Unasikia, mama?"

Mama akatikisa kichwa kwamba ndiyo, anasikia.

"Mshipa umeamka," mpishi akatangaza. Chumba kizima kikasema mashaallah, na yule shoga wa mama akapiga vigelegele. Hakuna hata mmoja aliyeuangalia ule mkono mwingine uliolala juu ya shuka.

Jioni nikampelekea kidonge na glasi ya maji. Aliusukuma mkono wangu kwa mkono wake mzima, ulikuwa na nguvu sana, maji yote yakamwagika.