Ng'ombe Mwenye Namba C

Dalali aliweka kiganja kwenye injini kabla hata hajaitikia salamu yangu.

"Umeichemsha kabla ya kuja," alisema.

"Nimetoka nayo Utemini."

"Utemini hapo tu, na imepata moto hivi? Basi imechoka kuliko nilivyodhani."

Vijana waliokaa kwenye benchi lake walicheka. Nikamuuliza angesema nini kama ningeifikisha ikiwa ya baridi. Akasema angejua nimeisukuma kwa sababu haiwaki. Nilimheshimu kidogo kwa jibu hilo. Angalau hakuficha kwamba hakukuwa na njia ya kushinda pale.

Akabonyeza siti, akapitisha kidole kwenye keria palipolika kwa kamba za magunia, kisha akaenda kusimama nyuma, kwenye kibao.

"Namba C," alisema, kama mtu anayetaja umri wa mgonjwa.

Hapa mjini Singida pikipiki haiulizwi imetembea kiasi gani. Inasomwa herufi. Herufi mpya zikianza kuonekana barabarani, zote zilizotangulia zinashuka bei, hata ile iliyolala ndani imefunikwa shuka.

"Sasa injini inajuaje kwamba herufi zimebadilika?" nilimuuliza.

"Injini haijui, msomi. Mnunuzi ndiye anajua." Akapangusa mikono. "Mimi pesa mkononi sitoi. Nabadilisha. Niachie hii, ongeza kidogo, uondoke na namba E ile pale."

"Sitaki pikipiki nyingine. Nataka kuachana na pikipiki."

"Wote wanataka. Unaachana nayo uende wapi?"

Nilikuwa naenda Arusha. Mwenzangu wa chuo alikuwa amepata kazi kwenye ofisi ndogo ya wapima ardhi, akaniombea nafasi ya kuchora ramani. Miezi ya kwanza hakuna mshahara, na mwisho wa mwezi ule niwe nimefika. Nauli na kodi ya chumba nilishaweka akiba. Chakula na kompyuta vingetoka kwenye hii pikipiki. Tangu nimalize shahada ya jiografia nilikuwa nabeba abiria nayo, na nilijua kila uchochoro wa Utemini kiasi cha kuuchora nikiwa nimefumba macho, ila hakuna aliyewahi kuniomba niuchore. Watu waliomba nipunguze mia mbili.

Mwishowe dalali alisema yuko mtu wa Ikungi anayetafuta pikipiki ya pesa taslimu. "Ila lete kadi," alisema. "Bila kadi hiki ni chuma chakavu."

Kadi ilikuwa kijijini, Misigiri, kwa jina la baba.

Lazima nieleze pikipiki hii ilivyopatikana, maana shida yote iko hapo. Dada yangu alipoolewa, ng'ombe wa mahari waliingia zizini kwetu. Kwa kawaida hao ndio wangeniolea mimi mke. Kisha ukaja mwaka wa kiangazi kibaya, ng'ombe wakaanza kuonyesha mbavu, na mimi nimekaa nyumbani na shahada yangu nikibishana na redio. Baba akawauza wote kabla hawajafa, akanunua pikipiki. Lakini kwa baba hakuwa ameuza kitu. Alikuwa amewahamisha. Akinipigia simu, swali la kwanza lilikuwa, "Ng'ombe amekula?" yaani nimeweka mafuta. Wazee wakihesabu mifugo ya ukoo walihesabu na pikipiki yangu iliyoko mjini, na hakuna aliyecheka. Nilipowaambia kwamba ng'ombe huzaa na pikipiki huchakaa, kwa hiyo hesabu yao ina kasoro, baba mdogo alinijibu kwamba hata mimi nilisomeshwa na sijazaa.

Nilifika Misigiri mchana. Baba alikuwa anakaza mpini wa jembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ng'ombe hajambo?"

"Ndiye aliyenileta. Baba, nataka kumuuza."

Hakuacha kugonga. Nilieleza habari ya Arusha yote, nikarudia ile sehemu ya mshahara wa baadaye. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa hata na mifano.

"Mimi nitasaini," alisema. "Kijana hafungwi kamba. Ila kadi iko kwa dada yako."

"Kwa nini iko kwake?"

"Ng'ombe ni wa nani? Angekuwa na pembe ningekaa naye mimi. Kwa kuwa ana karatasi, karatasi nilimpa mwenyewe. Akikupa, mimi sina neno."

Nyumba ya dada haiko mbali na kwetu. Nilimkuta uani akipiga alizeti kwa fimbo, mama mkwe wake kajiegemeza mlangoni. Nilimwamkia mama, nikamwamkia dada, tukaulizana habari za mvua. Kisha dada akasema kwa sauti ya kusikika anataka kuiona pikipiki, akanitangulia hadi barabarani.

Pale alisimama upande ambao pikipiki ilimkinga na nyumba. Nikamwambia nilichofuata. Alinisikiliza huku akitoa maganda ya alizeti kwenye kanga.

"Ukiuza, pesa inaenda yote?"

"Inaenda. Lakini nikianza kulipwa..."

"Sikukuuliza hilo." Aliangalia mlangoni, mama mkwe bado yupo. "Hii alizeti unayoniona napiga, mwaka jana nilipiga nyingine kama hii. Akauza shemeji yako. Nikauliza pesa iko wapi, akanipiga mpaka jirani akaingia. Unalijua hilo?"

Sikulijua.

"Basi. Nikirudi nyumbani, ng'ombe wao lazima warudi. Shangazi alirudi bila ng'ombe, unakumbuka? Baba mwenyewe ndiye aliyemsindikiza tena kwa mumewe, na kuku wa kuomba radhi mkononi."

Nilianza kusema kwamba sheria haisemi hivyo, mwanamke halazimiki kurudisha chochote, kuna ustawi wa jamii, kuna polisi, kuna baraza la kata.

"Sheria inakaa Singida," alisema dada. "Mimi nakaa na huyo mama pale."

"Lakini baba akijua unapigwa..."

"Anajua. Anasubiri niseme mimi. Nikisema, atauliza ng'ombe wako wapi, na atakuwa anakuuliza wewe." Aligusa kibao cha namba kwa ncha ya kidole. "Niliwahi kumpima mzee wao mmoja. Kama utani tu. Nikamwambia, siku hizi mtu si anaweza kurudisha pikipiki badala ya ng'ombe? Akasema inawezekana, ila si namba C. Namba C ni mbuzi. Akacheka sana."

Kisha akaingia ndani. Alikaa muda kidogo. Nilidhani anatafuta sababu ya kuninyima, na nakiri nilikuwa naitamani hiyo sababu, kwa sababu mtu akikunyima unaweza kumlaumu. Alirudi na kadi imefungwa kwenye mfuko wa plastiki wa sukari, akaniwekea kiganjani mbele ya mama mkwe wake.

"Chukua, mdogo wangu. Ukishauza unipigie tu uniambie, nisiendelee kupiga hesabu."

Nilimpitia baba akasaini, na njia nzima ya kurudi nilitafuta tundu. Ndiyo kazi niliyofundishwa, kutafuta tundu kwenye hoja. Niliiuza pikipiki kichwani, nikafika Arusha, nikalipwa, nikamtumia dada. Lakini nikamtumia kutoka wapi, kwenye ile miezi isiyo na mshahara? Nikamchukua aje kukaa nami Utemini, chumba kimoja, na watoto wake. Baba angefika keshokutwa na kuku. Nikajiambia kwamba mahari ni upuuzi, mwanamke habadilishwi na mnyama, sembuse na chuma cha Mchina. Nilikuwa sahihi. Nilikuwa sahihi pale inapokatia barabara ya Kiomboi na nilikuwa bado sahihi nilipoanza kuyaona mawe ya Singida, na haikumsaidia dada hata kidogo. Kila nilipobadilisha gia nilikumbuka kwamba nakalia mlango wake wa kutokea, na kwamba mlango huo unashuka bei.

Kesho yake nilikwenda kwa dalali. Mtu wa Ikungi alikuwepo, kakaa kwenye benchi na bahasha mfukoni, anachungulia matairi yangu. Nilimpita.

"Ile namba E," nilimwambia dalali, "unataka niongeze nini?"

"Eh! Msomi! Si ulisema unaachana na pikipiki?"

"Taja."

Akataja. Tukavutana, akapunguza kidogo, nikakubali. Zilikwenda nauli na kodi ya chumba, pamoja na ile niliyoweka kwa ajili ya shuka na sufuria. Mtu wa Ikungi alinuna, akasema nimempotezea siku. Nilimwomba radhi, na yeye ndiye mtu pekee niliyemwomba radhi wiki ile.

Mwenzangu wa Arusha nilimwandikia asinisubiri. Akauliza kulikoni. Nikamjibu kadi imechelewa kutoka.

Jioni nilimpigia dada. Nyuma yake nilisikia sauti za watu na vyombo, nikajua hayuko peke yake.

"Umeshauza?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Nimebadilisha."

Mtoto alilia karibu naye, akambembeleza.

"Herufi gani?"

"E."

"E," alirudia taratibu. Kisha akasema kwa sauti kubwa, ya kusikiwa na wengine, "Haya, salimia huko." Akakata.

Niliendelea kuishika simu, maana alikuwa hajanishukuru wala hajasema lini atarudi nyumbani. Abiria alikuwa amesimama pembeni yangu na begi lake, anagonga siti mpya kwa vidole. "Nzuri hii," alisema. "Twende stendi, kaka. Basi linaniacha."