Jambazi Aliyekuwa Amechoka Tu

Juzi nilipita Bellevue, hapa Joburg, mbele ya nyumba ambamo mimi na Bibi tulikuwa tumepanga chumba. Wameipaka rangi ya kijivu na kibaraza wamekiziba kwa mabati. Nimesimama pale barabarani na begi la shule, nikashtukia mkono wangu unatafuta swichi kubwa ya umeme hewani. Eish. Ngoja nikueleze.

Kila Jumapili baada ya kanisa, Bibi alikuwa anatoa juu ya televisheni kitambaa alichokifuma mwenyewe, tunaweka diski yetu moja tu: sinema ya zamani, isiyo na rangi. Jambazi mwenye kofia anampenda mwimbaji wa baa, wanataka kutoroka kwa treni. Bibi hakujua Kiingereza, kwa hiyo mimi, profesa wa miaka tisa, ndiye niliyekuwa mkalimani. Maharage yananukia, yeye anachambua mboga ya lengalenga.

"Anatembea kama mjomba wako," alisema kila mara. Mjomba alikuwa ameenda Cape Town kutafuta kazi, na simu yake ilikuwa imezimwa miezi mingi. Sasa wewe ungemwambia kwamba mwishoni jambazi anapigwa risasi kwenye ngazi za stesheni? Mimi nilikuwa naaga naenda chooni, nazima swichi kubwa kibarazani, narudi nikiwalaani watu wa umeme. Joburg hii ya umeme kukatika kila siku, nani angenishuku?

Mpaka siku jirani yetu, mama fundi cherehani, anayejua Kiingereza kuliko mwalimu wangu, alipokuja kutazama. Akaweka kiti mlangoni kabisa. Nilipoinuka kuaga naenda chooni, akanizuia.

"Kaa chini, wee mtoto. Choo hakihami."

Risasi zikalia. Jambazi akaanguka, mwimbaji akakipakata kichwa chake.

"Ana nini?" Bibi akauliza, jani la mboga mkononi.

"Amechoka, Bibi. Anapumzika."

"Kwenye ngazi?"

Nikamtazama jirani. Nilijua nimekwisha. Akakohoa.

"Amechoka kweli, mama. Huyo dada anambembeleza alale."

Bibi akainuka, muziki bado unalia, akaifunika televisheni kwa kitambaa chake, taratibu, akivuta kila pembe, kama unavyomfunika mtu aliyelala kwenye baridi.

Hatukuiweka tena ile diski. Mjomba hajapiga simu mpaka leo. Bibi hayupo, jirani alihama, televisheni sijui anayo nani. Hata umeme haukatiki kama zamani. Lakini ukikatika, moyo bado unanidunda, kana kwamba aliyezima ni mimi.