Kisu Ambacho Hakikuwepo

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumanne asubuhi kwa simu, katika kundi la majirani wa mtaa wetu wa Komarock, ikiwa imebanwa kati ya tangazo la kukatika kwa maji na malalamiko ya mtu ambaye kuku wake wameliwa na mbwa wa jirani. "Afande wa nyumba ya kona ametutoka. Ni presha." Majirani wakaanza kutuma pole zao, mmoja baada ya mwingine. Mimi niliandika yangu mara tatu, nikaifuta mara tatu. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba maneno hayaniadimikii. Wengine hunilalamikia kwamba ninayo mengi kuliko nafasi ninayopewa. Lakini kuna jambo moja nililopaswa kulisema miaka sita iliyopita, mbele ya mtu huyu akiwa hai, na sikulisema. Nitalisema leo, nikijua fika kwamba nimechelewa.

Alikuwa sajini wa polisi. Watoto wa mtaa walimjua kama mzee mstaafu aliyelima sukuma wiki mbele ya nyumba yake na kumfokea kila aliyekanyaga matuta, lakini kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kuwapokea makonstebo wapya. Kijana akitoka chuoni, sare yake bado ina mikunjo ya pasi, haachiwi mtaa peke yake. Huwekwa kwenye majaribio chini ya askari mzoefu anayezunguka naye, akimtazama anavyosimamisha watu, anavyokamata na anavyoandika, na mwishowe askari huyo hujaza fomu ya kusema kama anafaa kuthibitishwa kazini au hafai. Jirani yangu aliwatembeza wanafunzi wake majuma ya kwanza wakiwa na rungu na daftari tu. Kila baada ya mitaa miwili mitatu alisimama akauliza swali lake, nalo lilikuwa moja: "Umeona nini?" Nakumbuka alivyonisimulia, akicheka hadi machozi, kuhusu konstebo mmoja aliyemjibu, "Nimeona kijana wa kushuku, Afande." Naye akamuuliza, "Wa kushuku ndiye wa rangi gani? Nimekuuliza ulichoona, sijakuuliza unachofikiria." Yule kijana akajaribu tena: ameona kijana mwenye kofia amesimama nje ya kinyozi. "Anafanya nini?" Konstebo akatazama vizuri. "Anangojea kunyolewa, Afande." Mtu akishindwa na swali hilo mara nyingi, hakumpitisha, hata angekuwa na mwili wa simba na saluti ya kutikisa ardhi.

Sasa, katika kundi moja la wapya hao alikuwemo mpwa wangu. Dada yangu alimlea peke yake kule Dandora kwa kuuza mitumba ya watoto, na siku kijana alipochukuliwa polisi alilia kwa furaha mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Nilipopata habari kwamba amepangwa kituo cha jirani yangu, tena chini ya mkono wa jirani yangu mwenyewe, niliona kama Mungu amenifanyia mipango. Nilivuka barabara nikamwambia, nikitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. Yeye hakutabasamu. "Basi usiniulize habari zake mpaka fomu ijazwe," akasema, akaendelea kung'oa magugu. Nilikasirika kidogo, lakini nilikuwa na haja nyingine: nilitaka kuandika safu kuhusu namna askari wapya wanavyofundishwa mitaani. Nikamwomba nizunguke nao siku moja. Akakubali, na mkuu wa kituo akakubali, kwa sharti kwamba niandike nitakachokiona.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, saa tano asubuhi, jua limeshakolea. Tulikuwa watatu: sajini, mpwa wangu na mimi na daftari langu. Ilikuwa wiki ya kwanza ya mpwa wangu kubeba bunduki, na niliona jinsi alivyokuwa akiigusa kila baada ya hatua chache, kana kwamba ingemtoroka. Mwanamke mmoja alitukimbilia karibu na soko akisema amenyang'anywa simu na kijana mwenye shati jekundu. Tukafuata upande aliotuonyesha hadi tukafika kwenye safu ya mafundi wanaochomelea mageti kando ya barabara. Hapo palikuwa na kijana aliyeinama, mgongo kwetu, shati jekundu. Mpwa wangu akapaza sauti, "Wewe! Simama!" Mashine ya kukata chuma ilikuwa ikinguruma na yule kijana hakusikia. Akamwita mara ya pili, akiwa amesogea karibu zaidi, na kijana akageuka ghafla, kitu mkononi. Nilipomtazama mpwa wangu, bunduki ilikuwa imeshainuliwa.

"Weka chini! Weka chini hiyo kitu!"

Fundi mmoja akazima mashine na pale mahali pakawa kimya. Kijana hakuweka chini chochote. Hakukaidi, mkono ulikuwa umekufa ganzi kwa woga, vidole vimekaza na havimsikii. Nilikuwa hatua nne kutoka kwao na niliona kidole cha mpwa wangu kilipokuwa. Nilitaka kumwita kwa jina lake la utotoni, lakini nilibaki nimeshika daftari. Sajini ndiye aliyesogea, polepole, kwa upande, mpaka akawa karibu na sikio lake. Hakupiga kelele. "Konstebo, unaona nini mkononi mwake?" Bunduki haikushuka. "Nimekuuliza. Unaona nini?" Mpwa wangu akapepesa macho kama mtu anayeamka. "Brashi, Afande." "Brashi ya nini?" "Ya waya. Ya kusugua chuma." "Haya. Shusha bunduki." Ikashuka.

Mambo yangeishia hapo kama si kicheko. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama wa githeri, muuza mahindi na maharagwe ya kuchemsha, aliyekuwa ameona yote, naye akapaza sauti kumcheka askari: "Wueh! Karao ameogopa brashi!" Mafundi wakaangua kicheko, cha kutoa hofu zaidi ya dharau, lakini mpwa wangu alisikia dharau tu. Niliuona uso wake ukibadilika. Akamwendea yule kijana, akamtia pingu. "Ni brashi tu, afande, nasugua geti," kijana akawa anarudia. Sajini akauliza, "Kwa kosa gani, Konstebo?" "Amekataa kutii amri, Afande." Sajini akawaacha watangulie. Alikuwa na desturi ya kumwacha mwanafunzi aufikie mwisho wa kosa lake ili aone linakoishia. Ninamheshimu marehemu, lakini siku ile desturi hiyo ilimponza, na ilimponza zaidi yule kijana mwenye shati jekundu.

Kituoni, mwanamke aliyeibiwa alimtazama kijana akasema siye. Lakini mpwa wangu alikuwa ameshafungua kitabu cha matukio na kuandika, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na mama yake, kwamba mshukiwa alichomoa kisu akitaka kumdunga askari aliyekuwa kazini. Angeandikaje kwamba alimwelekezea bunduki mtu aliyeshika brashi, akachekwa na mama wa githeri? Sajini alisoma maandishi hayo akiwa amesimama. Akamwambia, "Soma tena." Akampa hadi jioni aandike maelezo mapya ya kusahihisha yale ya kwanza. Jioni ilifika na kisu kilikuwa bado kitabuni. Sajini akaijaza fomu: hafai kuthibitishwa.

Usiku huo dada yangu alinipigia simu. "Kaka, huyo ndiye niliye naye. Usiniangushe." Hakuniambia niseme uongo, na mimi sikumuuliza anataka niseme nini. Kesho yake mkuu wa kituo akatuita ofisini, sajini, mpwa wangu na mimi, maana lilikuwa neno la mwalimu dhidi ya neno la mwanafunzi, mafundi hakuna aliyethubutu kuja kituoni, na shahidi wa tatu nilikuwa mimi. Akaniuliza swali lile lile la jirani yangu: "Bwana mwandishi, wewe uliona nini mkononi mwa yule kijana?" Mpwa wangu alikuwa akitazama viatu vyake. Nikasema, "Nilikuwa nyuma kidogo, bwana mkuu. Sikuona vizuri." Hiyo ndiyo sentensi yenyewe. Nimeandika sentensi nyingi maishani na hakuna iliyofanya kazi kubwa kuliko hiyo. Nje ya ofisi sajini alinisubiri, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jirani, mimi huwafelisha wanaojibu hivyo." Akaenda zake.

Fomu yake ikawekwa kando kwa kukosa ushahidi. Kukasemwa kwamba mzee ana chuki na vijana, kwamba amezeeka, akaondolewa kwenye mafunzo na kupelekwa stoo kutunza mablanketi na makoti ya mvua hadi alipostaafu. Kijana wa shati jekundu aliachiliwa siku ya tatu bila kushtakiwa, baada ya sajini kusumbua kila mlango, lakini alipokwenda kazini alikuta fundi mwingine ameshika brashi yake. Mpwa wangu alipewa mkufunzi mwingine, akathibitishwa, akahamishiwa kaunti nyingine. Na mimi? Nilichapisha safu kuhusu nidhamu na viatu ving'aavyo vya askari wetu wapya. Nilipongezwa sana.

Jirani yangu hakuacha kunisalimia, na salamu zile zilinichoma kuliko matusi. Baada ya mwezi hivi nilivuka barabara nikiwa na hoja zangu tayari. Nikamwambia kwamba lile lilikuwa kosa la karatasi tu, hakuna aliyekufa, kijana alikuwa mgeni kazini na aliogopa. Aliendelea kumwagilia sukuma zake. "Bunduki haikunitisha," akasema. "Wote huogopa siku za kwanza. Hata mimi niliogopa. Kilichonitisha ni ile kalamu. Mtu akishajua kwamba kisu kinaweza kuandikwa, siku akiua hatahangaika kukitafuta." Nilimwona mkali kupita kiasi, nikamwambia hivyo. Akajibu kwamba huenda ni kweli, akaniuliza kama kwangu maji yamerudi.

Ndugu msomaji, nimeandika mara nyingi mno kuhusu silaha zinazoonekana mkononi mwa maiti baada ya maiti kulala chini. Nimeketi na akina mama wa Mathare waliozika wana wao, nikanywa chai yao, nikaandika machozi yao, na kila mara nikauliza kwa hasira: polisi wa namna hii hutoka wapi? Sikuwa na haki ya kuuliza kana kwamba sijui. Hutoka kwetu. Hutoka kwa dada zetu wachapa kazi, na kabla hawajathibitishwa huwa kuna mtu mzima mmoja au wawili waliosimama kando wakaona, wakaamua kwamba mtoto ni wao. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi wa mitaa hii ya Eastlands tunaficha maradhi haya huku tukizika. Tangu siku ile, redio ikisema kwamba marehemu alikuwa amewachomolea polisi kisu, mimi huacha ninachofanya nikasikiliza jina la mahali. Hadi leo halijatajwa la mahali anapofanya kazi mpwa wangu. Hilo ndilo tumaini langu, na ni tumaini baya, kwa sababu kila mara mahali hapo huwa ni pa mpwa wa mtu mwingine.

Juzi, baada ya kutoka kwenye matanga, nilimpigia mpwa wangu. Akanipa pole kwa ajili ya jirani, kwa adabu, kama kawaida yake. Nilimsikia mtoto wake mdogo akicheka karibu na simu. Nikamwambia nimeamua kuandika juu ya siku ile na kwamba nitasema ilikuwa brashi.

"Brashi gani, Anko?"

"Ile ya waya. Ulimwambia Afande mwenyewe, nikiwa nasikia."

"Anko, yule jamaa alikuwa na kisu. Mimi nilikiona. Na wewe si ulisema hukuona vizuri?"

Nilisubiri acheke, au akasirike, au anisihi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Nimemjua tangu akitambaa na naijua sauti yake anapodanganya, haikuwa ile. Amekirudia kisu kile kwa miaka sita, bila mtu wa kumwambia vingine, mpaka kimekuwa kumbukumbu yake. Nilidhani nilimwokolea kazi. Kumbe nilichomnyang'anya ni yule mtu wa kusimama karibu na sikio lake akamuuliza anaona nini. Askari mpya hapimwi na mkubwa wake pekee. Hupimwa na kila aliyeona, na anayesema hakuona vizuri huwa ameshaweka sahihi yake kwenye fomu. Kesho asubuhi nakwenda kituoni kuandikisha maelezo yangu upya. Dada yangu ameshaniambia nisikanyage tena mlangoni kwake. Mtoto wake ana bunduki, na anaamini alikiona kisu.