Siku Wenyewe Walipoifuata Jeti

Siku ya kwanza kazini, uwanja wa ndege, niliziba masikio kwa vidole. Nilikuwa nimetoka mtaani kwetu Kibuli na viatu vya harusi, mkuu wa uwanjani akanitazama akacheka. "Zaituni, hapa hatuendi sherehe," akasema, akanipa vizibo vya masikio na pini ya chuma yenye utepe mwekundu.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo, ngoja niwaambie habari ya pini hiyo. Ndege hairudi nyuma yenyewe, husukumwa na trekta. Ili trekta ligeuze gurudumu la mbele, tunachomeka pini, na hapo usukani wa rubani haufanyi kazi. Trekta likimaliza, unaichomoa, unasimama pembeni, unaiinua rubani aione. Asipoiona, haendi popote. Mimi, binti wa muuza chapati, nimruhusu kapteni! Wallahi, mwaka mzima nilikuwa natetemeka.

Kampuni yetu ilianza na ndege moja ndogo ya mapangaboi. Ikapata wasafiri wa Juba na Nairobi, mpaka ikakodi jeti kutoka ng'ambo. Ilipotua mara ya kwanza, hata wapishi walitoka jikoni. Mkuu wa uwanjani, mtu mzima na mvi zake, aliigusa tumboni kwa kiganja. "Banange, jamani, hii ni yetu?" akauliza.

Haikuwa yetu. Wakubwa wa kampuni walishindwa kulipia kodi yake, na asubuhi moja wenye jeti wakatuma kapteni wao aichukue. Tulipokwisha kuisukuma, Okello, dereva wa trekta, askari mstaafu mwenye watoto wadogo, alinishika mkono.

"Dada, usimwonyeshe pini. Weka mfukoni, bwana. Ikiondoka hiyo, sisi tumekwisha."

Alisema kweli. Ningeificha, labda wakubwa wangepata siku moja zaidi ya kubembeleza. Lakini yule kapteni alikuwa ananitazama kupitia kioo, ananingoja. Hanijui, na bado ananiamini. Nikaiinua. Akanipigia saluti.

Okello akanipa mgongo. Jeti ikakimbia, ikainua pua kuelekea ziwani.

Sasa nimestaafu, na wajukuu huniuliza kama nililia. Nililia sana, lakini baadaye, nyumbani. Pale uwanjani, ndege iliyobeba kazi yangu ilipoacha ardhi, nilijikuta napiga makofi kama mjinga. Nikaona haya, nikamtazama Okello. Alikuwa amegeuka, mdomo wazi, anaifuata kwa macho.