Stadi ya Kumi na Baba Mkwe

Mkwe haambiwi hapana. Kwa watu wa mtoni hiyo ndiyo adabu ya kwanza, na nusura inikoseshe mke. Mkwe akikukuta kazini akasema, "Lete nikusaidie," unampa. Huulizi anajua nini. Akitaka jembe unampa jembe, akitaka kasia unampa kasia. Walioweka adabu hiyo hawakuwa wameiwazia spana.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapo Garsen, nami nilikuwa fundi wa magari mahali penye magari matatu, mawili yakiwa mabovu. Mwenye duka mmoja alinunua gari la mzungu aliyehamishwa. Gari lenyewe lilinizidi umri, lilikuwa limekaa uani miaka na mikaka, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Alitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Nikasema hakuna taabu. Nilikuwa kijana, na mdomo wangu ulikuwa mwepesi kuliko mikono yangu.

Binti niliyemtaka alikuwa wa kijiji cha Wema. Baba yake, mkulima wa mpunga na ndizi, alikuwa ameambiwa na watu kwamba mimi ni fundi wa kufungua tu, kufunga siwezi. Akatamka mbele ya wazee, "Siku gari hilo litakapofika mlangoni kwangu bila kusukumwa, nitamtoa mwanangu. Mvua ikifunga barabara kabla ya hapo, nitamsikiliza yule karani anayemposa." Karani huyo alikuwa na baiskeli yenye kengele mbili, na viatu alivyovivua kila alipoona tope. Nilimchukia yeye na kengele zake.

Basi nikaifungua injini. Kila kitu kilitoka isipokuwa stadi, zile fimbo fupi za chuma zilizochongwa hesi, yale mapindo ya kushika nati, ncha zote mbili, ncha moja imezama kwenye bloku, lile tumbo la injini, nyingine inashika kifuniko cha injini. Zilikuwa kumi, na kutu ilikuwa imezigandisha humo. Stadi ya zamani haitaki nguvu. Unaivisha nati mbili, unazikaza zishikane, unapasha bloku moto kwa jiko la pampu, kisha unaigusisha nta ya nyuki, nayo inayeyuka na kunywewa ndani. Ndipo unazungusha nati ya chini kushoto kidogo, unairudisha kulia kidogo, kushoto tena. Nta nilipewa bure na jamaa wanaotundika mizinga kwenye miti ya mtoni. Kwa njia hiyo nilitoa stadi tisa kwa siku nne, na kila jioni nilitazama mawingu.

Siku ya tano baba mkwe akafika kwa mtumbwi kutoka Wema, akakalia debe, mbele ya kundi zima la wanywaji kahawa.

"Pole na kazi."

"Nimeshapoa, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unakwenda na kurudi? Kushoto, kulia, kushoto. Mtu akipiga kasia hivyo atafika baharini Kipini lini?"

"Ni kweli, baba," nikasema, macho chini, maana mkwe hatazamwi usoni.

"Chuma kinataka mwanamume. Lete nikusaidie."

Nikampa spana. Akaliona bomba tupu la chuma kando yangu, akalivisha kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, akajikita miguu na kuvuta. Kulia. Jamani, kulia! Mzee alikuwa anakaza. Maneno yalikuwa yamenifika kwenye meno: "Baba, kushoto." Mawili tu, na ningeokoa stadi na kupoteza mke mbele ya watu wote wale. Nikayameza.

Ka! Stadi ikakatika sawasawa na uso wa bloku, na baba mkwe akajikuta amekaa mavumbini, bomba mapajani. Hata wanywaji kahawa waliacha kunywa.

"Nisamehe, baba," nikasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto. "Niliichoma mno. Ilikuwa imeshakufa kabla hujaishika."

Akainuka, akajikung'uta. "Nilijua," akasema, na kuwageukia watu. "Vijana wa siku hizi wanaunguza chuma." Lo! Mungu anisamehe, nilitamani kumtwanga na lile bomba.

Alipoondoka nikakaa na drili ya mkono siku mbili nzima, nikitoboa katikati kisiki cha stadi kilichobaki ndani, polepole, nisije nikaharibu bloku yenyewe. Nikachonga tupa kuukuu ncha iwe ya pembe nne, nikaigongea ndani ya tundu. Moto, nta, kushoto kidogo, kulia kidogo. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga bati pale kisiki kilipokubali kutoka. Nikalia, sioni haya kusema. Kisha nikapandisha stadi mpya na kuifunga injini bila kulala vizuri.

Gari lilifika Wema na tope mpaka madirishani, likikohoa, lakini halikusukumwa. Karani alikuwa uani, viatu mkononi. Baba mkwe akalizunguka gari mara mbili, halafu akanivuta kando kwenye migomba.

"Siku ile," akaninong'oneza, "uliona nilikuwa nazungusha upande gani?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. "Sikuona, baba."

Mvua ilikuwa inaanza kukaza.

"Karani angeona," akasema, "na angesema."

Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanirudisha uani, akapaza sauti wasikie wote: "Huyu ndiye mkwe wangu! Gari ametengeneza yeye. Ila ile stadi ya kumi, iliyomshinda, niliilegeza mimi."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa bado na malengelenge ya drili viganjani.

"Ni kweli, baba," nikasema.