Mashimo Miguuni pa Mtakatifu Isidori

Nazari, fundi mwashi wa Kitura, alikuwa mfupi kiasi kwamba alipoanza kujenga sanamu ya Mtakatifu Isidori, msimamizi wa wakulima, watu walisema hata ukanda wa mtakatifu hataufikia. Ilikuwa miaka ya tisini, wanunuzi binafsi wa kahawa wameshaingia Mbinga, na saruji iliyokuwa ikiombewa kibali kama pasipoti sasa ilipangwa dukani pembeni ya chumvi. Kila familia ya parokia ikatoa mfuko. Nazari akatoa miaka mitatu.

Kutoka kwenye kadi ya sala ya ukubwa wa kiganja alimtoa mtu wa mita kumi na mbili, jembe begani, magoti ya aliyepanda milima kweli. Alipomaliza, akaamuru mteremko ulio miguuni pake usafishwe. Waumini wakafukia ngoro zote, yale mashimo ya miraba ambayo Wamatengo hulimia milimani, wakafagia pakang'aa kama sakafu ya kanisa. Haikufaa mtakatifu asimame shambani kama kibarua.

Machi mvua ikateremsha udongo wote. Timazi, uzi wenye uzito wa kupimia wima, ambayo Nazari aliining'iniza kwenye kidevu cha sanamu ikaonyesha sanamu imeinama vidole viwili.

"Fundi, bondeni kuna shule," alisema Padre Adrian. "Ikifika kidole cha tatu, tunaibomoa."

Nazari akazungushia msingi mawe na saruji. Kesho yake mawe yalikuwa bondeni. Mkewe, Ottilia, akapanda na jembe lake, akamtazama.

"Baba Wendelin, hiyo saruji unaujengea mto?"

"Mama Wendelin, huu ni ufundi."

"Naona. Mmemsimamisha mkulima kwenye shamba mlilolifukia, halafu mnashangaa anataka kuhama."

Waliokuwepo wakacheka. Nazari akaweka mwiko chini, akaomba mundu.

Kwa desturi yao mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, mwanamke akachimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Basi fundi akalaza nyasi, na Ottilia nyuma yake.

"Mstari umepinda, baba. Pima maji yako iko wapi?"

Akaulaza upya. Wanawake wa parokia wakaja na majembe, waume zao wakafuata kwa aibu. Siku ya tano, mteremko wote ulikuwa mashimo tena.

Alasiri hiyo mvua ikapiga. Nazari akasimama chini ya kidevu, ameshika uzi wa timazi, amelowa. Maji yakajaa shimo moja baada ya jingine, yakatulia humo. Hakuna udongo uliosogea.

"Vingapi?" akauliza Padre.

"Viwili vilevile."

Padre akapima kwa vidole vyake vinene, akapata kimoja na nusu. "Basi abaki."

Ameinama hivyo hadi leo. Wageni hudhani ni unyenyekevu, humsifu fundi. Nazari, mvi kichwani, huwaonyesha mashimo.

"Mimi nilimsimamisha tu. Anayemshikilia ni mama Wendelin. Na msikanyage maharage yake, atawasema mpaka Liuli, kule ziwani, wasikie."