Kadi Iliyosomwa na Shule Nzima

Mimi sishangazwi na kitu. Niliishia darasa la nne, nikauza mkaa, na ruksa ya biashara binafsi ilipokuja nikawa na mashine mbili za kusaga pale Nkuhungu. Nishangazwe na nini tena?

Sataranji nilifundishwa na jirani yangu, mwalimu. Alipohamishiwa Mvumi tukaendelea kwa posta, kila kadi hatua moja: "Farasi wangu anakula askari wako. Mama watoto hajambo?" Miaka mitatu nilimfunga nilivyotaka.

Kisha kadi zikaanza kumtaja mhasibu mpya wa shule. Mhasibu ana kompyuta. Mhasibu kasema hivi. Jana nilicheza na mhasibu. Nilizisoma kama mtu aliyefuma barua za mkewe. Na tangu hapo mwalimu akanifunga mara mbili mfululizo! Nikamwandikia: "Hatua hizi si zako, ni za kompyuta ya huyo bwana wako. Mwizi." Nikaituma kadi hiyo vilevile, bila bahasha, kama zote.

Wiki tatu zikapita bila kadi.

Nikaenda mjini, kwa mama mmoja mchapaji ambaye kompyuta yake ilikuwa na sataranji ndani. Tukaupanga upya mchezo wa mwisho alionifunga, hatua kwa hatua, tuone kama mashine ingecheza kama yeye.

"Mashine inasema ale askari."

"Mwalimu hakula."

"Inasema amrudishe malkia."

"Mwalimu kamtoa kafara."

Katika hatua thelathini na moja, mwalimu na mashine walikubaliana sita tu. Mama akavua miwani. "Baba, huyu anacheza kwa kichwa chake. Tena hapa alikosea vibaya, mashine ingemmaliza. Wewe hukuona?"

Kesho yake nikapanda basi la Mvumi.

"Kadi yako ilifikia sanduku la shule, bwana mkubwa," mwalimu aliniambia, hata kiti hakunipa. "Mpishi kaisoma kabla yangu. Wanafunzi sasa wananiita Kompyuta. Umenitukana mbele ya watu, niombe radhi mbele ya watu. La sivyo, usiniandikie tena."

Nikanunua mbuzi na mchele, wakala walimu wote. Nikasimama, nikasema nimekosa. Mhasibu, yule "bwana" wa kwenye kadi yangu, paja la mbuzi mkononi, akaniita: "Shemeji, kaa basi, ule!" Mwalimu akacheka mpaka machozi. Mimi sijawahi kumchekesha hivyo.

Lakini wakati wa kuagana alinishika mkono, akasema mchezo mpya nianze mimi, kwa kete nyeupe. Kadi ya hatua hiyo ya kwanza niliitia kwenye bahasha. Ukijumlisha nauli, mchapaji, mbuzi, mchele na stempu, ilinigharimu shilingi elfu kumi na moja, mia tatu na hamsini.